Wajukuu Wanataka Nimkane Babu Yao Eti Alikuwa Frimasoni

Ninyi mnaoona mtu kajenga ghorofa mnaandika "huyo Frimasoni", mna adabu kweli? Mnajua mnachosema, au mnadonoadonoa maneno kama kuku? Leo nyamazeni mnisikilize. Mwenye ukurasa, jina langu lifiche, ila maneno yangu usiyalainishe.

Mimi ni bibi wa miaka tisini na kitu, naishi Tabora peke yangu. Shule niliishia kusoma na kuandika kwa masista, basi. Mume wangu alishatangulia, na mwanangu niliyebaki naye akamfuata. Nina wajukuu wako Dar es Salaam, na hao ndio wameniumiza.

Wakati wa Mwingereza mume wangu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja wa reli. Mzungu yule alikuwa mmoja wa wakubwa wa Frimasoni wa hapa kwetu. Walikuwa wachache, wana nyumba yao ya kukutania, madirisha yamefungwa muda wote, watu wa mjini wakaiita nyumba ya mashetani. Kikao kikianza watumishi wote nje, na Frimasoni mmoja anasimama mlangoni na upanga. Wakimaliza wanakaa kula, hapo ndipo mume wangu anaingia na sinia. Vyeo vyao alivijulia mezani, maana ilibidi ajue nani aanze kupakuliwa. Aliyeingia juzi ni mwanagenzi, akipanda ni fundi, akipanda tena ni fundi kamili. Juu yao yuko Mkuu na wasimamizi wake wawili, na Mkuu akimaliza mwaka anampisha mwingine. Walijifananisha na waashi, lakini sikuona hata mmoja aliyeshika tofali.

Mume wangu alikuwa akicheka. Yeye kwao, upande wa Kaliua, alikuwa ameingizwa Uyeye, kile chama cha wacheza nyoka. Akaniambia, "Mke wangu, hawa nao wana Uyeye wao. Kuna kuingizwa, kuna kiapo, kuna wakubwa na wadogo, kuna neno la kujuana. Tofauti sisi tuna nyoka, wao wana viazi vya kuchoma."

Kazi yangu ilikuwa kufua glavu zao. Kikaoni wote walivaa glavu nyeupe. Nikishafua nazianika kambani uani kwetu, kwenye nyumba za watumishi, vidole vimetanuka, zinapungapunga. Majirani wakaona mikono. Nyakati zile hofu ya mumiani ilikuwa kubwa, watu waliamini wapo wanaokamata wenzao na kuwapelekea wazungu damu. Jirani mmoja, mama tuliyekuwa tukiazimana chumvi, akasema kisimani, "Yule anaanika mikono ya waliouawa." Nikamfuata na glavu moja. "Shika, ni kitambaa." Akarudi nyuma, ndoo akaiacha.

Tangu hapo nikifika kisimani wanawake wanaondoka na ndoo nusu. Nilipofiwa na mtoto wangu wa kwanza, bado ananyonya, msibani tulikaa mimi na mume wangu. Kaburi alichimba mwenyewe. Hakuna aliyekuja hata kuniwashia moto. Mimi mfiwa nilisimama nikapika uji. Mnaelewa maana yake?

Sasa mwaka huu mjukuu wangu mkubwa kapiga simu.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mke mwenza. Leo umenikumbuka."

Akasema, "Bibi, ndoa yangu imevunjika, kaka naye duka limemfia. Mchungaji anasema chanzo ni babu. Alikuwa Frimasoni, alikula kiapo."

"Babu yako alikula ugali."

"Sitanii, bibi. Uje kanisani kwetu ukiri mbele ya watu, umkane. Bila hivyo hatukanyagi huko. Hata ukifa."

Huyo nilimbeba mgongoni mwangu.

Mtu mweusi nyumba ile aliingia na sinia akatoka na sinia. Hakuwahi kuambiwa keti. Wazungu wale hawakumpa hata uanagenzi, leo wajukuu zake wanampa cheo ambacho wenyewe walimnyima.

Lakini niseme kweli. Nyumba hii imekuwa kubwa kwangu. Jioni napika kikombe cha mchele, nakula, naosha sahani moja. Kuna siku najibizana na redio, umeme ukikatika nasema na kuku. Nimewaza nikubali tu, niseme ndiyo, alikuwa, ili warudi na vitukuu vikimbie uani. Ni neno moja. Ila nikilisema, nani atabaki duniani wa kusema yule alikuwa mpishi, na alikuwa mtu mwema?

Nishaurini wenye umri na akili. Wa vichekesho piteni mbali.

Na wewe mke mwenza, najua unasoma ukurasa huu. Sitakuja kumtukana mume wangu kwenye kipaza sauti. Panda treni uje, na kaka yako, na huyo mchungaji mlete kama ana nauli. Mkifika msiingie ndani. Jembe nitaliacha barazani. Nendeni kaburini kwa babu yenu, magugu yamelizidi na mgongo wangu haukubali tena kuinama. Palilieni mpaka lionekane, mnawe mikono, ndipo mpige hodi.