Waliokatwa Majina

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alikuwa karani wa maktaba, na kwa miaka thelathini likizo zake zote zilikwisha kwenye mashairi ya nchi hii. Wenzake wakienda kupumzika, yeye huyo, daftari kwapani, anagonga milango ya watu. Aliandika ya wapishi, ya wachukuzi, ya wazee waliokuwa na shairi la babu wa babu yao kichwani. Alijaza madaftari arobaini na moja, na hakuambiwa hata asante.

Daftari la kwanza lilianza na shairi la bibi, mama yake mzazi, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano. Bibi alimwambia, "Mwanangu, uniweke kitabuni. Nikifa nisisahaulike." Mama mkubwa alitaka hilo tu.

Kisha wakubwa wakaamua taifa liwe na kitabu cha mashairi yake, tangu ya kale hadi ya leo. Madaftari yakachukuliwa, akapewa mhariri, bwana wa tai ambaye hajawahi kugonga mlango wa mtu. Kurasa zilipozidi, akaamuru, "Kateni ubeti wa mwisho, mashairi yote. Ni kuaga na kutaja majina tu, hauna maana."

Hauna maana. Mtu asiyejua kwamba mtunzi hujitaja pale anapoaga, nani alimkalisha kwenye kiti kile? Halafu, majina yakishakatwa, akaandika chini ya kila shairi: mtunzi hajulikani. Unamziba mtu mdomo, kisha unalalamika kuwa hasemi. Uso mkavu ule.

Na aliyefuta ni mimi. Nilikuwa mpiga chapa wa ofisi ya mhariri huyo. Nilifuta beti mia sita, vidole vinakimbia, akili iko kwenye chakula cha mchana. Mhariri ananichemsha damu, lakini mimi mwenyewe najichukia zaidi.

Siku ya uzinduzi tulikalishwa nyuma kabisa, mimi na Mama mkubwa. Akafungua kitabu, akatafuta shairi la bibi, akalipata. Mtunzi hajulikani. Mhariri alikuwa katikati ya hotuba. Mama mkubwa akasimama, akaghani bila kuangalia popote:

*Jina langu ni Sindano, mshonaji wa mtaa,*
*Nimeshona kwa maneno, yasije yakachakaa.*

"Mama, hayo hayamo kitabuni," mhariri akasema.

"Najua hayamo. Daftarini yamo, na daftari ulipewa mkononi."

Ukumbi mzima ukageuka kututazama. Akakaa, akaniuliza polepole, "Nani alifuta?"

"Mimi, Mama."

Hakunitukana. Afadhali angenizaba kofi. Alifungua mkoba, akatoa kalamu, akaniwekea kitabu mapajani, wazi pale palipoandikwa mtunzi hajulikani.

"Wamechapa nakala ngapi?"

"Elfu mbili."

"Basi umeshachelewa. Anza na bibi yako."