Uvimbe wa Nyirabagenzi

Kule Kibabi, kijiji cha milimani, watu walimjua mama Nyirabagenzi kwa pombe yake ya ndizi. Mwaka wa 1953 donda la kansa lilimtoka ndani ya shavu, wamisionari wakampeleka Léopoldville, mji mkuu, akatibiwa kwa mashini ya miale inayochoma kansa. Alirudi na ngozi iliyoungua na mdomo mkavu, lakini donda lilikuwa limepona, akarudi kwenye mitungi yake.

Mwaka wa tatu tangu hapo, akionja pombe, ulimi uligusa kitu kwenye ufizi wa juu, upande ule ule. Kilikuwa laini kama ini la kuku. Bwana wake, Kanyamibwa, alimsogeza mlangoni penye mwanga, akachungulia.

"Iko jino," alisema.

"Jino gani? Upande huu waling'oa meno yote mbele ya kunipiga miale."

Wakateremka kwa miguu hadi hospitali ya kando ya ziwa. Dokta Hubert, Mbelgiji mwenye sauti ya chini, alimulika, akabonyeza, akanusa. Mambo mawili yalimtia wasiwasi: pengine donda la zamani limerudi, pengine miale imeozesha mfupa.

"Inauma?"

"Hapana. Ingeuma ningekuja zamani."

"Inatoka damu? Usaha?"

"Hata. Iko inakomea tu, inakuwa kubwa pole pole."

Dokta alichungulia tena. Mfupa uliooza huuma na kunuka. Donda la kwanza lilikuwa gumu na lilitoka damu. Hiki hakikufanana na lolote kati ya hayo.

"Mama, hii siijui," alisema, "na sitaki kubahatisha. Nitakata kipande kidogo, wakiangalie kwa hadubini Léopoldville."

"Kata," alisema Nyirabagenzi, akafungua kinywa.

Jibu lilipofika, dokta aliwaketisha wote wawili. Donda la zamani halikuwa limerudi. Hii ilikuwa kansa nyingine, ya matezi, ile inayovimbisha shingo na makwapa. Kuota kwenye ufizi ni jambo la nadra sana. Alimpapasa shingo, makwapa na tumbo, asikute kitu.

"Ni miale ndo ilileta?" aliuliza Kanyamibwa.

"Labda. Sina hakika."

"Basi mutafanya nini?"

"Miale siwezi kurudisha pale, nyama ile imechoka. Tutaukata uvimbe, kisha sindano za dawa kali."

Walimkata uvimbe, kisha sindano zikamtapisha, nywele zikapukutika. Alikuwa amewaambia masista wa hospitali kwamba atakuwa nyumbani kabla maharage hayajakauka, lakini Kanyamibwa aliyavuna peke yake. Hata hivyo Nyirabagenzi alirudi, amekonda, na kabla ya Noeli alikuwa anakamua ndizi.

Tangu hapo aliteremka kila msimu kukaguliwa, na kila mara kinywa kilikutwa safi. Safari moja dokta alimwomba aongee na Damien, mkulima kutoka Walikale, aliyekuwa na donda mdomoni na hakutaka kusikia habari ya kisu.

Nyirabagenzi alikaa kando ya kitanda chake.

"Kaka, mimi walinikata," alisema. "Tazama."

Akafungua kinywa mbele ya dirisha, akamwacha mtu yule atazame mpaka alipotosheka.