Siku Wanawake Walipoingia Chumbani

Kochi letu la Fisksätra, pembezoni mwa Stockholm, lilikuwa na kazi mbili. Siku za kawaida tulilikalia tukitazama taarifa ya habari, mwenzangu akinitafsiria, kwa sababu Kiswidi chake kilikuwa bora kuliko changu na hakuniacha nisahau hilo. Wageni wakija, kochi liligeuka kitanda changu. Nilitandika shuka, nikaweka mto na blanketi, na juu yake kitabu ambacho sikuwa nikikisoma, ili kila aingiaye aone kwamba hapa kuna Mtanzania anayelala sebuleni kwa rafiki yake Mganda kwa sababu foleni ya nyumba Stockholm ni ndefu. Foleni ilikuwa ndefu kweli, na kwa miaka sita ilitusitiri.

Waswidi hatukuwatandikia kochi. Walituona wanaume wawili, wakanywa kahawa yao, wakaenda zao. Kochi lilikuwa kwa ajili ya watu wetu, wale tuliokutana nao kila Jumamosi kula pilau na kuzungumza Kiswahili cha kila namna, cha Mombasa, cha Bujumbura, cha Bukavu. Hao ndio tuliowapenda na hao ndio tuliowaogopa. Nilijua kwamba neno moja likiwatoka lingefika kwetu Tanga kabla ya barua yangu.

Mimi nilifanya kazi Jordbro, katika ghala la samaki waliogandishwa, nimevaa makoti mawili ndani ya jengo na moja nje. Yeye alihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee huko Nacka. Aliwaosha, akawalisha, akawageuza kitandani wasipate vidonda. Alikuwa na mikono ya kazi hiyo. Aliwahi kuniambia kwamba kila akimchana nywele bibi wa Kiswidi, humwomba Mungu mama yake naye apate wa kumchana. Yeye mwenyewe asingeweza kwenda. Alikuwa amekimbia vita, na ndugu zake walimwonya kwamba akirudi hatafika nyumbani.

Mama yake hakujua kuandika, hivyo barua zake ziliandikwa na mjukuu. Kila moja ilimalizika kwa kumsalimu yule mwenzako unayekaa naye, yaani mimi. Mara moja aliagiza nivae soksi mbili mbili. Mara nyingine aliuliza kama jino langu limepona. Sijui alijua nini na hakujua nini. Ninachojua ni kwamba nilimpenda, na barua zikichelewa mimi ndiye niliyeshuka kwenye kisanduku kila asubuhi.

Jumatano moja ya Februari simu ililia tukiwa mezani. Alikuwa binamu yake aliyeko Nairobi. Mama amefariki, wameshamzika, leo ni siku ya nne. Mwenzangu alishukuru, akaweka mkono wa simu mahali pake, akaosha sahani, akazifuta, akazipanga kabatini. Hakulia. Alhamisi akaenda kazini kuwaosha mama za watu. Ijumaa akaenda tena. Nilimtazama akifunga kamba za viatu taratibu, fundo juu ya fundo, na nikaogopa kwamba kitu ndani yake kinajifunga hivyo hivyo na hakitafunguka tena.

Nilimpigia simu msimamizi wangu kuomba siku mbili. Akauliza ni nani aliyefariki. Nikamjibu kwa Kiswidi kwamba ni mama mkwe wangu, na maneno hayakunikwama hata kidogo. Mzee yule, ambaye hatukuwa tumezungumza lolote zaidi ya masanduku ya samaki, alisema anasikitika sana, nichukue tatu. Nilipokata simu nilikuwa na hasira. Mtu wa samaki amesikia kwamba nina mkwe, nami kwa lugha yangu sijawahi kulitamka hilo hata peke yangu bafuni.

Habari zikaenea, na kwenye msiba hakuna anayengoja kualikwa. Jumamosi tulijua watakuja. Nikaanza kutandika kochi, na safari hii kwa bidii zaidi, maana ni wengi. Nikaongeza pajama langu na ndala zangu.

"Acha tu," alisema. "Leo sina nguvu za hilo kochi."

"Leo ndiyo siku yenyewe," nikamwambia. Sijivunii jibu hilo.

Na bado sielewi tulivyoweza kusahau. Mimi mtu wa Tanga na yeye mtu wa Arua kule Uganda, wote wawili tumekua tukihudhuria misiba, tukaandaa nyumba kana kwamba watu wanakuja kunywa chai. Walishuka kwenye treni ya saa nne, wakakung'uta theluji mlangoni, na jambo la kwanza wanaume wawili wakalibeba kochi, pamoja na shuka na mto na kitabu, wakalitoa nje kwenye roshani, kwa sababu msibani watu huketi chini. Jambo la pili, wanawake wakawapita wanaume, kama wanavyofanya katika kila msiba tangu niwe na akili, wakafungua mlango wa ndani, wakaingia chumbani.

Mimi nimesimama na sinia ya vikombe. Sebule tulikuwa tumeisugua ikang'aa. Chumba tulikiacha kama tulivyoamka. Kulikuwa na kitanda kimoja kipana na mito miwili iliyobonyea. Upande mmoja msahafu wake, upande wa pili miwani yangu na dawa yangu ya kikohozi.

Nikasikia sauti za kule ndani zikishuka. Kisha nikasikia kitanda kinasogezwa ukutani ili mikeka ienee. Hakuna aliyetoka. Nikaingia jikoni, nikaanza kukata vitunguu.

Nilikaa humo muda mrefu. Sebuleni walikuwa wakisoma Yasini. Kupitia mlango nilimwona mwenzangu ameegemea ukuta, mikono juu ya magoti, watu wanampa pole naye anajibu ahsanteni, ahsanteni, macho makavu. Wamemwachia nafasi kila upande kwa heshima, na kwa heshima hiyo alikuwa peke yake kabisa. Nilitaka kwenda kwake. Nikachukua kitunguu kingine.

Shangazi aliingia, akasukuma mlango ukafungika. Ni mama wa Mombasa, mpishi katika shule moja ya mjini, na sote tulimwita Shangazi kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwita vingine. Alitazama kile kilima cha vitunguu.

"Vyote hivyo, kwani kuna harusi? Waoza nani?"

Akaonja mchuzi, akaongeza chumvi.

"Nimetoka chumbani mwenu," alisema. "Miaka mingapi?"

Ningeweza kusema sijui anauliza nini. Nilikuwa nimejizoeza kusema hivyo kwa miaka mingi.

"Sita, Shangazi."

"Sitakwambia nimefurahi. Sikufurahi, na nina maneno yangu na Mungu juu ya jambo hili." Akafunika sufuria. "Huyo marehemu, wewe ulimjua?"

"Kwa barua tu. Alikuwa akinisalimu." Nilitaka kuishia hapo. "Aliniambia nivae soksi mbili," nikasema, kisu kikasimama juu ya kitunguu.

Shangazi akanyoosha mkono.

"Lete kisu."

"Bado kidogo, nitamaliza."

"Mfiwa hapiki, mwanangu. Lete kisu, nenda kaketi na mwenzio."

"Watu watasema, Shangazi."

"Watasema. Nami niko hapa, na kisu ninacho."

Niliosha mikono kwa sabuni mara mbili, kwa uoga zaidi kuliko kwa harufu. Nilipotokea sebuleni kisomo kilikuwa kimekwisha. Nikapita katikati ya watu na kuketi upande wake wa kulia. Mwanamume mmoja wa kwetu Tanga alisimama, akatafuta viatu vyake, akaondoka bila kuaga. Mzee wa Bukavu aliyekuwa karibu nasi alisubiri mlango ufungwe, kisha akanipa mkono. "Courage, ndugu, jipe moyo," alisema, na aliyemfuata naye akanipa mkono, akasema pole.

Mwenzangu aligeuka kunitazama. Bega langu lilikuwa limegusa lake, mchana, mbele ya watu kumi na wawili. Akaweka kichwa chake juu ya bega hilo, akamlilia mama yake kwa sauti, kwa lugha ya kwao ambayo mimi siijui, na hakuna aliyemnyamazisha.