Thirza Quernshaw na Pengo la Mlimani

Ukungu ulinikuta nikiwa nimeshavuka ukuta wa mwisho wa mawe, na kwa saa nzima nilitembea nikiwafuata kondoo, kwa kuwa wao walionekana kujua wanakokwenda. Nimeishi Bradford miaka ishirini na miwili, nikidhani naijua Yorkshire, lakini bonde la Raithe sikuwa nimewahi kulikanyaga. Kila kondoo niliyempita alikuwa na mstari mwekundu kiunoni, upande wa kushoto, kama aliyepitishiwa brashi na mtu mwenye haraka zake. Nilipochoka niliketi juu ya jiwe la mviringo, nusu limechongwa, nusu bado ni mwamba, nikafungua chupa ya chai.

Mbwa alifika kwanza. Nyuma yake ikaja pikipiki ya magurudumu manne, imepandwa na mwanamke aliyefunga koti lake la mvua kwa kamba ya kufungia majani makavu.

"Umelikalia jina langu," akasema.

"Samahani?"

"Hapo ndipo Quernshaw. Mimi ni Thirza Quernshaw. Na wewe ndiye yule wa majina? Uliandika kwamba utakuja kwa barabara."

"Nilitaka kupaona mahali penyewe kwanza."

"Basi umepaona. Mawe na mavi ya kondoo. Panda."

Nilikuwa nakusanya habari za majina ya ukoo yaliyobaki machache Uingereza. Hili nililichagua kwa sababu lilikuwa na kijiji chake kilichokufa na mtu wake aliye hai, umbali wa maili mbili tu kati yao. Quernshaw, kwa Kiingereza cha zamani, ni kichaka penye mawe ya kusagia nafaka. Watu waliishi huko juu, wakichonga mawe hayo na kuyateremsha bondeni, mpaka karne zile za baridi kali na tauni walipotoweka. Kilichobaki ni yale mawe ambayo hayakumalizwa, kama lile nililolikalia.

Nyumba ya Thirza iko chini kidogo, imeegemea mlima kiasi kwamba dirisha la jikoni linatazama nyasi na miguu ya kondoo. Alinipa kitanda cha chumba cha kaskazini. Nilifika siku ya Alhamisi, na mpango wangu ulikuwa kuondoka Jumanne.

Ana miaka sitini na moja. Alizaliwa katika chumba kilicho juu ya jiko. Akiwa na miaka kumi na tisa alipata nafasi chuo cha wauguzi kule Newcastle, akafunga sanduku, akaliweka chini ya ngazi. Shamba, la kukodi tangu zamani, lingekuwa la kaka yake, Laurence. Wiki mbili kabla ya safari, trekta lilimpindukia Laurence kwenye mteremko wa nyuma ya ghala, likamuua.

"Baba hakuniomba nibaki," aliniambia, akimenya viazi. "Usije ukaandika kwamba aliniomba. Alikwenda kwa mhunzi akatengenezesha chuma kipya cha kuchomea alama kwenye pembe za kondoo, chenye herufi zangu badala ya za Laurence. Akarudi, akakiweka mezani wakati wa chai. Akaomba sukari."

"Ukafanyaje?"

"Nikampa sukari."

Sanduku bado liko chini ya ngazi. Siku hizi linahifadhi dawa za minyoo.

Mwanamume alikuwepo, Harold wa mji wa Kendal, aliyekuja kwa majira mawili ya baridi mfululizo. Kanisani watu walimuuliza, kwa upole wote, kama yuko tayari kuhamia juu. Hawakumuuliza Thirza kama yuko tayari kushuka. Tangu hapo amelala nje ya nyumba hii siku mbili tu, hospitalini, alipofanyiwa upasuaji wa goti. Aliporudi, nusu ya kondoo wake walikuwa kwa jirani.

Jioni ile ya kwanza aliinua kopo la majani ya chai akatoa barua chini yake. Ilikuwa ya halmashauri ya mji wa Morecambe, kule pwani. Alikuwa amekaa kwenye orodha yao miaka sita akisubiri nyumba ya ghorofa ya chini, kwa ajili ya magoti yake, na sasa imepatikana. Aende kuchukua ufunguo kabla ya Jumatatu saa kumi jioni. Akikosa, atapewa anayefuata kwenye orodha.

"Kuna duka la samaki na viazi mlango wa tatu," akasema. "Na taa za barabarani. Dirishani unaona watu wakipita, watu ambao hata huwajui."

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe na mbwa."

"Kwa nini uniambie mimi?"

"Kwa sababu Jumanne utakuwa umekwenda."

Nilimuuliza, kwa ujinga wa mtu wa mjini, kwa nini asiwauze tu hao kondoo akaenda. Hakucheka. Alipanga vikombe vinne mezani, vikigusana, na bakuli la sukari katikati.

"Huu mlima hauna uzio. Kondoo wangu wanakaa kwenye kipande chao kwa sababu mama zao waliwafundisha, na mama za mama zao. Huwezi kuwauza kwa mtu wa mbali, watarudi au watakufa. Ni wa shamba, shamba linakuja nao. Vikombe hivi ni majirani. Kondoo wa Sep, huyu wa magharibi, hawaendi zaidi ya hapa, si kwa sababu ya ukuta. Ni kwa sababu wanawakuta wangu." Akaliondoa bakuli. Akakisukuma kikombe kimoja polepole mpaka kikajaza pengo, kisha cha pili kikakifuata, mpaka kimoja kikafika ukingoni mwa meza. "Mimi ndiye bakuli la sukari," akasema, akakirudisha kikombe kabla hakijaanguka.

Jumamosi ilikuwa siku ya kukusanya. Bonde zima hupanda mlimani pamoja na kuteremsha kondoo wote, kisha kila mtu huwatenga wake kwa alama, na chakula huliwa kwa aliye katikati. Aliye katikati ni Thirza, kama alivyokuwa babu yake. Niliwekwa kwenye mwanya wa ukuta nikaambiwa nisimame na kutanua mikono. Kwa saa nne nilikuwa mlango.

Saa nane tulikuwa jikoni, watu saba na mvuke wa makoti. Kulikuwa na pai ya nyama, njegere, kisha keki nzito ya zabibu yenye kipande cha jibini juu yake. Kwenye kiti karibu na moto alikaa Sep Alderson, miaka sabini na tisa, jirani wa upande wa magharibi, ambaye bado anamwita Thirza "binti". Mkabala naye alikuwa Gwenda, mjane wa mwanawe, anayeendesha shamba la Sep huku Sep akisema ni yeye.

Thirza alikuwa ameniambia asubuhi kwamba atawaambia wakishashiba. Barua ilikuwa mfukoni mwa aproni. Nilimwona akiigusa mara mbili.

"Haya, bwana wa majina," Sep akasema, "chakula si bure. Tuambie. Wamebaki wangapi?"

Ningeweza kusema sijamaliza kuhesabu. Lakini mtu aliyekusanya takwimu miezi mitatu hawezi kuulizwa akanyamaza.

"Miaka mia na arobaini iliyopita walikuwa mia na kumi na wawili," nikasema, "karibu wote mwendo wa siku moja kutoka mezani hapa. Kisha viwanda vya pamba vikawachukua, vita vikawachukua, mabinti wakaolewa. Sensa ya mwisho inaonyesha kumi na tisa, Uingereza nzima."

"Na bondeni hapa?"

"Mmoja."

Sep akapiga meza. "Mnasikia? Mmoja! Binti, siku ukifa tutakukausha kama nyama ya nguruwe tukuning'inize kanisani."

"Mtaanza kunikata vipande Krismasi," Thirza akasema, na watu wakacheka. Lakini chai aliyokuwa akimimina ilikuwa inapita pembeni ya kikombe.

"Mimi nasema kweli," Sep akaendelea, sasa akinigeukia mimi. "Akina Alderson wamekwenda kila mahali. Kanada wako, New Zealand wako, mmoja yuko jela. Lakini Quernshaw hajawahi kuondoka hapa. Liandike hilo. Tangu dunia iumbwe, Quernshaw hajawahi kuondoka."

Thirza akaweka birika chini. Mkono wake ukaingia mfukoni mwa aproni, ukatoka mtupu.

Nikaelewa nilichokifanya. Nilikuwa nimeingia katika nyumba ya mtu nikawapa majirani zake kufuli la kumfungia humo, tena lenye tarakimu.

"Hapana," nikasema. "Wa kwanza aliondoka."

"Wa kwanza nani?"

"Adamu. Yumo kwenye orodha ya kodi, zaidi ya miaka mia sita iliyopita. Adamu wa Quernshaw. Lakini kodi hiyo haikuandikiwa huko juu. Iliandikiwa hapa chini, Hagset, penye kanisa lenu."

"Sasa?"

"Sasa fikiri, mzee. Huko juu wote walikuwa wa Quernshaw. Ungemwitaje mmoja wao hivyo, umtofautishe na nani? Wangemwita Adamu mwekundu, Adamu mwana wa Hugh, Adamu kilema. Mtu anaitwa kwa mahali alipotoka akishafika pengine. Aliteremka, wenyeji wa huku wakasema, ni yupi huyo? Aa, yule wa Quernshaw. Waliobaki juu hawakuacha jina lolote. Angebaki nao, leo hii hapa mezani pasingekuwa na Quernshaw hata mmoja."

Kuni zikapasuka kwenye moto. Thirza alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama mbwa wake akizungumza.

"Aliacha kondoo?" akauliza.

"Orodha haisemi."

"Lazima aliacha. Wale hawatoki." Akavuta kiti, akakaa, jambo ambalo sikuwa nimemwona akifanya wageni wakiwapo. Kisha akatoa barua akaiweka katikati ya sahani. "Nimepata nyumba Morecambe. Ufunguo ni Jumatatu. Nakwenda."

Gwenda ndiye aliyeichukua barua na kuisoma, polepole, mpaka sahihi ya mwisho.

"Na mlima?" Sep akasema. Sauti yake haikuwa tena ya utani. "Ukiwatoa wako, wangu watamwagika mpaka barabarani. Wa majirani wengine, akina Raw, watakuja juu ya wangu. Mwaka mmoja tu, binti. Mwaka mmoja na hakuna atakayejua wake ni wepi."

"Najua, Sep. Nimelijua hilo kila asubuhi kwa miaka arobaini na miwili. Ndiyo maana nimekaa."

"Sikusema…"

"Hukuhitaji kusema. Ulikuwa unasema jina."

Uso wa Sep ulikuwa wa mtu aliyekutwa mkono ukiwa mfukoni mwa mwenzake.

"Nitawachukua mimi," Gwenda akasema. "Shamba na kondoo. Mwenye ardhi ameshaniuliza mara mbili kama ninataka ziada. Wabaki palepale, na mstari wao mwekundu palepale."

"Wewe? Tuna mia nne tayari!"

"Na nani anayewakimbiza hao mia nne, Baba? Wewe unakaa kwenye trekta unapiga kelele."

Sep akasimama, akachukua kofia yake, akatoka. Keki yake ilibaki sahanini, haijaumwa. Raithe, mtu kuacha keki ni sawa na kuvunja dirisha. Wote tuliitazama ile keki mpaka Gwenda alipoivuta upande wake na kuila.

Jumapili Thirza alitoa dawa za minyoo kwenye sanduku, akaliosha kwa siki, likaendelea kunuka. Aligundua kwamba hana vitu vya kulijaza. Kulikuwa na tatizo moja tu: mwenye ardhi asingeweza kutia sahihi na Gwenda kabla ya tarehe kumi na moja Novemba, siku ambayo mashamba ya huku hubadilisha mikono. Mpaka hapo lazima mtu awepo nyumbani, ateremshe majani makavu, na awarudishe wanaovuka.

"Wiki mbili," Thirza akaniambia, bila kunitazama. "Wewe kazi yako unaifanyia popote. Na mbwa amekuzoea."

Nikatafuta sababu. Nilikuwa na tiketi ya meli, nilikuwa na watu wakinisubiri Bergen, kule Norwei. Kisha nikakumbuka ni nani aliyesema "mmoja" mezani.

Jumatatu saa sita Gwenda alikuja na gari la mizigo. Thirza alizunguka jikoni akigusa vitu, bawaba, ukingo wa meza, kisu cha mkate. Alikiondoa ukutani kile chuma cha kuchomea pembe, akakipima mkononi.

"Morecambe utachoma pembe za nani?" Gwenda akamuuliza.

"Sichomi mtu. Kitauzuia mlango usijifunge wenyewe."

Akakitia mfukoni, akapanda. Hakunishika mkono. Alinionyesha ni ndoo ipi inavuja, akamwambia mbwa akae, na mbwa akakaa. Gari likaanza kushuka kati ya kuta mbili za mawe. Kupitia kioo cha nyuma niliiona kofia yake, imenyooka, haigeuki.

Halijafika hata kwenye kona, nikasikia sauti juu ya ukuta wa magharibi. Ni Sep, ambaye hakuwa amekanyaga uani tangu Jumamosi. Alikuwa ameegemea fimbo, akilitazama gari, si mimi, macho yamemjaa maji kwa upepo au kwa jambo jingine. Lilipopotea ndipo akanigeukia.

"Wewe!" akaita. "Kondoo wako wako kwangu!"

Mbwa alikuwa ameshasimama. Nikaingia ndani kutafuta buti za Thirza.