Mke wangu hakuwepo kwenye ndoa yetu: yaliyotukuta kwenye interview ya ukaazi wa kudumu

Wakuu, habari zenu popote mlipo.

Mimi si mtu wa kuanzisha nyuzi. Huwa nasoma za wenzangu, nacheka, napita. Leo naandika kwa sababu nina hasira mwezi wa pili sasa, na mke wangu amechoka kunisikiliza. Nitaeleza kilichotokea kama kilivyotokea, na pale nilipokosea mimi nitasema nimekosea.

Kwanza mnijue kidogo. Ni Mpemba wa Mgogoni. Skuli niliacha kidato cha pili. Sikufukuzwa, nilichoka kukaa tu. Nimeuza viatu vya mtumba Tunduru, nimebeba magunia Tanga, nimesukuma chapati Mombasa, nimekaa Mafia mwaka mzima bila sababu ya maana. Kila nilikopita niliuliza maswali mpaka watu wakanikimbia. Kitu nisichokijua kinaniwasha mwili.

Mke wangu ni kinyume changu. Hapa nitamwita Mize. Ni wa Tumbe, amesoma, ni muuguzi, na hata soksi anazipanga kwa rangi.

Mize alipata kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, nchi moja ya ng'ambo ambayo siitaji. Kabla hajaondoka, mwajiri alimwombea ukaazi wa kudumu kabisa, yeye pamoja na mume wake. Yaani yeye anaingia kwa kazi yake, mimi naingia kwa mgongo wake. Sioni aibu kulisema hilo.

Faili lilituchukua karibu miaka miwili. Vyeti, vipimo vya kifua, alama za vidole, barua ya sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwetu. Barua ya sheha haikunitisha. Tangu vyama vingi viingie, kila wakati wa kuandikisha wapiga kura sisi huku tumezoea kuulizwa ni wakaazi wa wapi na tangu lini.

Kilichotutisha ni mstari mmoja kwenye orodha: picha za harusi zinazowaonyesha mume na mke pamoja.

Hatukuwa nazo.

Kwa wasiojua ndoa za kwetu, nifafanue. Siku ya nikaha bibi harusi haendi mskitini. Anakaa ndani na wanawake wenziwe. Baba yake anamfuata huko na mashahidi, anamuuliza kama amekubali kuozwa. Akishakubali, baba anarudi mskitini, anashikana mkono na bwana harusi, nikaha inasomwa, watu wanakula halua na kahawa. Basi, mmeoana. Nyinyi wawili mtaonana baadaye.

Picha yetu pekee ya siku ile ni mimi na Mzee Kombo, baba yake Mize, tumekaa chini kwenye mkeka tumeshikana mkono, shehe katikati yetu. Upande wa wanawake hakuna hata moja. Bibi yake Mize alisimama mlangoni na kapu, kila anayeingia anatia simu humo. Hata shangazi mtu mzima alipokonywa.

Nilikwenda Gombani kwa jamaa mmoja wa duka la kopi. Akaitazama ile picha, akaniambia, "Yakhe, tabu ya nini? Niletee picha ya mkeo nimtie hapo pembeni yako. Hajui mtu."

Nikampigia Mize. Alinijibu kwa sauti ya wodini. "Mie nikae mskitini baina yako na baba, na wanaume wote wale? Picha hiyo akiiona baba utamwambia nini? Peleka ya kweli."

Tukapeleka ya kweli. Kosa langu liko hapa, wakuu. Nilidhani picha ya kweli inajieleza yenyewe. Sikuandika hata mstari mmoja wa kuifafanua.

Interview ilikuwa ubalozini kwao, na tulikuwa Dar tangu jana yake. Tumevaa vizuri, tumefika mapema. Mize anajua Kiingereza, hakuhitaji mtu. Mimi cha kwangu ni cha kuuzia viatu, nikaomba mkalimani.

Wakaniletea kijana wa mjini Unguja. Nilipotoa salamu tu akacheka, "Wete au Chake?" Nikamwambia Mgogoni. Tukapiga soga wakati tunasubiri. Nikamuuliza kazi yake ikoje, kama anaruhusiwa kunywa maji mle ndani, kama anaota kwa Kiingereza. Akaniambia na yeye ameoa karibuni, mke wa Makunduchi. Nikafurahi. Nikasema moyoni, leo nina mtu wa kwetu ndani ya chumba.

Mize aliitwa kwanza, peke yake. Alikaa sana. Alipotoka walimpitisha mlango mwengine, hatukuonana.

Nikaingia mimi. Ofisa ni mama wa makamo, sauti ya upole, na simlaumu sana. Alianza na mambo mepesi. Tunalala upande gani wa kitanda. Nani anapika. Mbona hatuna mtoto. Hilo lilinichoma, nikajibu kwamba tunaomba.

Kisha akaniuliza tulioana wapi.

"Mskitini, Tumbe, baada ya sala ya Ijumaa."

"Mke wako alikuwa amesimama wapi?"

"Alikuwa nyumbani kwa shangazi yake."

Akaacha kuandika. Akaitoa ile picha. "Huyu uliyemshika mkono ni nani?"

"Mkwe wangu."

"Na mke yuko wapi kwenye picha hii?"

"Hayumo."

Akanitazama kama daktari anayetazama kipimo kibaya. Akasema, kwa kupitia mkalimani, kwamba amefanya kazi hii miaka mingi, ameona ndoa nyingi za kutafutia karatasi, lakini hajawahi kuletewa ndoa ambayo mke hakuwepo. Akaniuliza kama ninafahamu adhabu ya kudanganya.

Nikamgeukia ndugu yangu mkalimani. Nikamwambia taratibu, "Mwambie basi namna tunavyooana. Wewe unajua."

Unajua alinijibu nini? Hakunitazama hata usoni. "Mie natafsiri tu kinachosemwa. Siruhusiwi kutia la kwangu."

Wakuu, damu ilinipanda mpaka kwenye masikio.

Nikaeleza mwenyewe. Idhini, mashahidi, mkono, halua. Akatafsiri, lakini kwa ubaridi, maneno kumi yangu yakatoka matatu. Hata mimi ningelikuwa yule mama nisingeamini. Alikuwa anatafsiri nikaha kama vile ni jambo la ajabu analolisikia kwa mara ya kwanza, na yeye hina ya harusi yake haijafutika vizuri kwenye kidole.

Basi nikasema, sawa. Kama kazi yako ni kutafsiri, tafsiri.

"Mwambie hivi: nina swali kwa huyu mkalimani. Siku aliyooa yeye, mkewe alikuwa wapi?"

Akaanza kukikuna kile kidole chenye hina.

Ofisa akauliza, nimesema nini? Jamaa anatazama mlango. Mama akarudia kuuliza. Ikabidi alitoe. Nililielewa lote, Kiingereza changu kibovu vivyo hivyo. Yule mama akamgeukia polepole, akasema kitu kifupi. Nadhani alisema, mjibu.

"Alikuwa kwao," akasema jamaa. Kwa Kiswahili, kwangu, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa na embe la jirani. Kisha akalitafsiri.

Mama aliandika muda mrefu. Mwisho akanipa karatasi: nilete barua ya wanaosajili ndoa ikieleza nikaha inavyofanyika, na viapo vya watu wawili waliokuwepo, mmoja awe aliyemuoza bibi harusi. Bila hivyo, mimi nje.

Mize nilimkuta getini. Nikamhadithia yote, nikidhani atanipongeza.

"Umemsimamisha kizimbani mfanyakazi wa watu? Kwenye ofisi yao? Hasira zako zingetufukuzisha!"

"Alijua, Mize. Alijua akanyamaza."

"Mie pia nimeulizwa, na sikumvua mtu nguo."

Akanieleza ya kwake. Alipoulizwa alijibu ukweli kama mimi, kwamba alikuwa chumbani na wanawake. Ofisa akamuuliza kama alilazimishwa kuolewa. Mize akamwambia baba yake alimuuliza mara tatu mbele ya mashahidi, na mara mbili za mwanzo alinyamaza kusudi, kwa sababu maisha yake yote hakuwahi kumuona baba yake anamsubiri yeye aseme.

Kisha akaulizwa jengine. Kwamba karatasi zake yeye hazina kasoro, je, anataka kuendelea peke yake?

"Ukasemaje?"

"Nimemwambia faili ni moja." Akatangulia kutembea.

Barua niliipata Chake siku hiyo hiyo niliyoiomba. Karani mzee wa ndoa aliguna tu, "Miaka yote naandikisha, leo ndio naulizwa ndoa ni nini." Akaandika, akagonga muhuri. Rafiki yangu mmoja aliyekula halua siku ile akaapa bila maneno.

Shida ilikuwa kiapo cha Mzee Kombo.

Tulimfuata Tumbe. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza bintiye, si mimi. "Nende kwa wakili nikaape kuwa nimekuoza? Kwani nilikuoza kwa siri?"

"Si hivyo, baba."

"Mskiti mzima uliniona. Pita hapo nje, muulize yeyote."

"Wao hawawezi kuja kuuliza, baba."

"Basi wasikae wakasema."

Alikataa siku tisa. Mize hakumsukuma, na mimi aliniamuru nifunge mdomo. Siku ya kumi mzee alitupigia mwenyewe, yuko Chake tayari, mlangoni kwa wakili, kanzu imepigwa pasi na kofia ya Idi.

Wakili alimsomea karatasi. Mimi, Kombo, mwenye akili timamu, naapa kwamba mwanamke aitwaye fulani ni mke halali wa mwanamme aitwaye fulani. Mzee akasema isomwe tena. Ikasomwa. Akatia saini yake ya Kiarabu, taratibu sana.

Nje, kwenye ngazi, alisimama akaniambia, "Leo nimeapa mbele ya mtu nisiyemjua kuwa mwanangu hakai na mwanamme kwa haramu." Akavaa viatu vyake akaenda kutafuta gari ya Tumbe. Nilimwita, hakugeuka.

Viza zimetoka. Zote mbili. Watu wanatupongeza na mimi nasema ahsante. Mize ameshafunga begi moja. Tumekwenda Tumbe mara tatu kumuaga Mzee Kombo. Anatukaribisha, anatupa chai, anauliza bei ya karafuu. Siku ya safari hajaiuliza.

Kwa wale wenye interview kama hii, hasa wa Visiwani na pwani yote: msiamini kwamba ukweli wenu unajulikana. Tangulizeni barua inayoeleza nikaha kabla hamjaulizwa, na viapo vya wazee vichukueni mapema, wakati bado ni karatasi tu na mzee hajajua kwamba kuna mtu anamshuku bintiye. Sisi tulichelewa, na aliyelipa si mimi wala Mize.

Wenye uzoefu wa ofisi hizi wanieleze: hivi mkalimani kweli hukatazwa kusema anachokijua, hata akiona mtu anazama? Kama ni sheria, nielewesheni, nipunguze hasira. Na wewe mwenyewe, bwana wa Makunduchi, kama umo humu, jina lako silijui na silitafuti. Mkwe wako angelitakiwa akuapie, ungekwenda kumwambiaje?