Kimea cha Mama na Somo Lililobaki

Naikumbuka Jumatano moja ya masika, mwanangu. Ukungu ulikuwa umelalia nyasi za Ufipa na hauna haraka ya kuondoka, nami nimesimama jikoni kwa mama yangu, nina umri kama wako na kichwa kikubwa kuliko chako. Usicheke. Nimesikia unakwenda kusoma shahada ya pili ya biokemia, nikasema nikuite ukae hapa kidogo kabla hujafunga begi.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Maduka ya mtaa wa Majengo yalijaa vitenge na redio, lakini mbolea ilikuwa imeondolewa ruzuku na bei yake haishikiki. Basi mama, mjane mwenye shamba moja, akarudia kilimo cha bibi yake. Unafukia nyasi chini ya matuta ya mviringo, zinaoza humo taratibu, msimu unaofuata unapanda ulezi juu yake. Kazi hiyo mtu mmoja haiwezi. Unapika pombe ya ulezi, majirani wanakuja na majembe, wanalima kutwa, wakimaliza wanakunywa. Pombe isipokuwepo watu hawakai. Na mvua zikikatika kabla ya matuta, ardhi inakuwa ngumu na mwaka wa pili hakuna ulezi. Mama alikuwa amewaalika watu kwa Jumamosi.

Mimi nilikuwa nimetoka Dar es Salaam likizo, nimemaliza muhula wa kwanza. Tulisoma biokemia asubuhi na biofizikia ya molekuli mchana, na siku zote hizo nilitembea kama niko ndotoni. Nikila ugali, naona minyororo mirefu ya wanga inakatwakatwa na vimeng'enya, wale wafanyakazi wadogo wa protini walio ndani ya kila kilicho hai. Basi letu lilikwama kwenye tope baada ya Tunduma, abiria wote wanasukuma, mimi niko dirishani naota umbo la protini, mpaka mama mmoja akanigongea kioo nishuke. Nilikuwa na furaha, nakuambia kweli. Sijapata tena furaha ya namna ile.

Jumatano hiyo mama alipika uji mzito, pipa zima, akaondoa kuni, akasema anakwenda Chanji kumwangalia dada yake mgonjwa. Kimea kilikuwa kwenye ungo. Ulikuwa ulezi aliouotesha, akaukausha, akausaga, kazi ya wiki mbili. Aliniagiza nisubiri. Uji ukipoa mpaka niweze kuzamisha mkono na kuuacha humo bila kushtuka, ndipo nitie kimea na kukoroga. Alirudia mara mbili, akajitanda kitenge, akapotelea kwenye ukungu.

Nikasubiri kidogo. Mvuke ulikuwa unapanda polepole na kujikunja chini ya paa, nami nikaanza kuwaza. Ndani ya kimea mna vimeng'enya. Vimeng'enya hukata wanga kuwa sukari, na sukari ndiyo inayogeuka pombe. Na profesa alikuwa ametufundisha, nikachora mwenyewe kwenye daftari, kwamba joto likipanda kazi ya kimeng'enya inakwenda mbio. Mstari wangu ulipanda vizuri sana. Sasa ninasubiri nini? Nikaona mama na bibi zake wote wamepoteza muda bure miaka yote hiyo. Nikarudisha kuni. Uji ulipotokota nikamimina kimea chote, nikakoroga huku natabasamu, najiona nimeleta maendeleo Ufipa.

Mama aliporudi alichota kidogo, akalamba. Uji ulitakiwa uwe umeanza kulainika na kuwa mtamu. Ulikuwa mzito vilevile, hauna ladha ya chochote. Akautazama ungo mtupu, akakaa kwenye kigoda. Nikamweleza yote, mchoro na mstari wake, naye akanisikiliza mpaka mwisho.

"Somo hilo la joto mmelimaliza?" akauliza.

"Bado, mama. Tuko katikati."

"Ungeniambia uko katikati," akasema, "nisingekuachia pipa langu."

Hakunipiga wala hakunitukana, na mpaka leo natamani angenipiga tu.

Tukazunguka kwa majirani kuomba kimea, hatukupata. Jumamosi watu walifika na majembe begani, na mama akasema mimi ndiye nitakayewaambia. Nikasimama mbele yao nikawaambia. Mzee Severini, jirani yetu, akauliza kwa upole kama huko chuo kikuu ndiko wanakofundisha kuua pombe. Watu wakacheka, mimi nikalia. Wengi wakaenda shamba jingine, na siwalaumu. Mzee Severini na wachache wakabaki, wakalima kwa maji ya kunywa. Nusu ya shamba ikapata matuta. Mimi nikaendelea peke yangu mpaka chuo kikafunguliwa na siku nne zikapita, na bado sikufika mbali.

Niliporudi chuoni nikaazima daftari la mwenzangu ninakili nilichokosa. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mstari wangu uleule wa joto, umeendelezwa. Unapanda, unapanda, halafu unaporomoka hadi chini. Kimeng'enya, mwanangu, ni uzi uliokunjwa kwa namna yake moja, na kazi yake yote iko kwenye mkunjo huo. Ukiuchemsha unafumuka, kama ute wa yai ukishaganda kikaangoni haurudi kuwa ute. Nilikaa na daftari lile, mikono imejaa malengelenge, nikauona mkono wa mama umezama ndani ya uji, umetulia, unasubiri. Niliona aibu mpaka nikafunga daftari.

Mwaka uliofuata mama alivuna nusu. Kutoka kwenye nusu hiyo akanitumia kifurushi cha kimea kwa ajili ya maabara, na ujumbe kwa kinywa cha kondakta wa basi, kwamba nisikiguse kabla sijamaliza somo. Nikacheka, nikalia tena, nikakifanyia utafiti wangu wote.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Ukijua nusu, sema ni nusu, hata kama profesa anakukazia macho na wenzako wanakusikiliza. Onyesha mahali kalamu yako ilipoishia. Na kabla hujamrekebisha mtu anayefanya kazi kwa mkono wake, muulize mkono huo unasubiri nini. Mimi sikuuliza, na mama yangu akaishi kwa nusu ya mavuno mwaka mzima.

Chukua na kifurushi hiki, ni kimea, nimekikausha kama alivyokuwa akikausha yeye. Mungu akutangulie njiani na akufikishe mwisho wa mchoro, mwanangu. Na pale utakapokuwa katikati, akupe moyo wa kusema uko katikati.