Maji Mazito ya Mama Matone

Maabara nzima ilimwita Mama Matone, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kudondosha mafuta yaliyoyeyushwa juu ya vipande vyembamba vya silikoni. Matone yalikauka yakajipanga tabaka juu ya tabaka, mfano wa utando unaozunguka seli. Hata ukimpigia chafya sikioni, mkono wake haukutikisika.

Wiki ile vipande vilikuwa vya mtafiti kijana aliyebakiza kipimo kimoja tu amalize shahada yake. Alitaka kujua molekuli za utando hutikisikaje kwa pamoja, kama watu wanaosukumana kwenye foleni. Mashine ingerusha nyutroni kwenye utando, kisha isome zilivyotawanyika. Zamu ya mashine hiyo aliingoja mwaka mzima. Utando wenyewe uliwekwa kwenye chombo chenye mvuke wa maji mazito, yaani maji ambayo haidrojeni yake ni ya aina nzito, maana haidrojeni ya maji ya kawaida hutawanya nyutroni ovyo, na mtikisiko unaotafutwa ukamezwa na makelele.

Tatizo la Mama Matone lilikuwa kutojiamini akishafunga. Asubuhi ile ya mvua alifungua kifuniko, akachungulia, akafunga. Akafungua tena. Akarudia, na hapo ndipo akakumbuka: maji mazito yakiachwa wazi hunywa unyevu wa hewani, na hewa ya siku hiyo ilikuwa imelowa chepechepe.

Angeweza kunyamaza. Lawama ingeangukia mashine.

Kijana akaingia akisugua viganja. "Shikamoo, mama. Mgonjwa wetu kaamkaje?"

"Marahaba. Nimemuua mwenyewe kwa kumjulia hali." Akamweleza yote.

Kijana akavuta kiti, akakaa. "Kwako hata chungu hakiivi, mama. Utakifunua mpaka moto uzimike."

"Nicheke tu, mwanangu. Tukibadilisha maji utando utajirudi, ila mpaka kesho."

"Kesho nusu ya zamu imekwenda."

"Imekwenda."

Kijana akasimama mbele ya ubao, akafuta viwango vya joto alivyopanga kupima, akaacha kile cha mwili wa binadamu. "Hiki ndicho kitanipa shahada. Vingine vilikuwa tamaa."

Mama Matone akamwaga maji, akatia mapya, akakaza skrubu za kifuniko. Kisha akamkabidhi bisibisi.

"Kaa nayo wewe," akasema. "Na nikikuomba, usinipe."